Behewa kuukuu la plastiki: kwanza litembee, halafu lipendeze

Seti za mabehewa madogo ya treni ya mfano, za kuunga mwenyewe, ambazo kampuni ya Uingereza ya Airfix ilianza kuzitoa miaka ya 1960 hazijafa. Kalibu zake nyingi zilihamia kampuni nyingine, Dapol, na za zamani bado utazikuta kwenye maboksi ya watu walionunua wakiwa watoto na wasiziunge. Kuna wanaozibeza. Mimi naona zina makosa mawili tu yanayostahili jasho lako: haziserereki vizuri, na plastiki yake ni nene mno. Yaliyobaki ni mapambo. Kwa hiyo kopo la rangi liache kabatini kwa sasa.

Mfano wangu ni behewa la makaa la tani 16 la Uingereza, skeli ya 1:76 (yaani dogo mara 76 kuliko halisi), linalotembea kwenye reli zilizoachana milimita 16.5. Ukishalimudu hili, mengine yanafuata njia hiyohiyo.

Hatua ya 1: Osha na utenganishe

Osha vipande kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki, maana vilitoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Usivinyofoe kwa vidole. Kata kwa koleo ukiacha kisiki kidogo, kisha kimalizie kwa kisu. Ule mstari mwembamba ulioachwa na kalibu ukwangue kwa mgongo wa kisu. Makali yatachimba.

Hatua ya 2: Magurudumu

Magurudumu ya plastiki yaliyomo kwenye boksi yatupe. Yanazoa uchafu na kuupaka tena relini. Weka ya chuma, kipenyo cha milimita 12 hivi, yenye ekseli iliyochongoka ncha zote mbili, urefu milimita 26. Ncha hizo zikae ndani ya vikombe vidogo vya shaba njano, siyo kwenye plastiki tupu ambayo baada ya muda hulika na kuwa shimo pana.

Toboa mahali pa kikombe kwa biti ya milimita 2, ukiizungusha kwa mkono. Kekee ya umeme itapitiliza hadi nje kabla hujashtuka. Zungusha mara mbili tatu, jaribu kikombe, zungusha tena, mpaka ukingo wake ulale sawa na plastiki. Pia pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja: iwe takriban milimita 14.5. Ikipungua, gurudumu litapanda kwenye makutano ya reli.

Sasa gundisha upande mmoja wa chesisi (fremu ya chini inayobeba magurudumu) kwenye sakafu, uhakikishe kwa skwea, kipimio cha pembe mraba, na uache ukauke. Upande wa pili uweke ukiwa na magurudumu tayari ndani, na kabla gundi haijashika simamisha chesisi juu ya kipande cha kioo. Bonyeza kila kona kwa kidole. Ukisikia "tak", gurudumu moja linaning'inia. Sukuma upande ule ulio laini mpaka mlio uishe, weka kitu kizito juu, nenda kalale. Kazi hii ya dakika tano ndiyo inayoamua kama behewa litakuwa linaanguka relini kila siku au la.

Kama umelinunua likiwa limeshaungwa na linayumba, ng'oa kikombe kimoja, panua tundu lake kidogo kuelekea juu au chini, ukirudishe.

Hatua ya 3: Uzito

Plastiki tupu ni nyepesi mno. Kanuni inayotumiwa na wengi ni gramu 25 kwa kila ekseli, yaani gramu 50 kwa behewa hili. Funga nati au vipande vya chuma chini ya sakafu katikati ya ekseli, au uvifukie chini ya shehena ya makaa.

Usijaze punje za madini ya risasi ukazizamisha kwenye gundi nyeupe ya mbao. Mimi nilifanya hivyo kwenye behewa nililokuwa najivunia kuliko yote. Miaka miwili baadaye sakafu ilikuwa imetuna kama andazi na mbavu zimepasuka konani. Risasi humenyuka na gundi ile, ikaota unga mweupe na kuvimba. Epoksi haina tabia hiyo.

Hatua ya 4: Unene

Hapa ndipo behewa linapoacha kuwa kichezeo. Ubavu wa plastiki wenye unene wa milimita 1 ni sawa na chuma cha milimita 76 kwenye behewa halisi. Behewa la kweli lilikuwa la bamba la milimita chache tu. Bamba la milimita 5 kwa skeli yetu halifiki hata milimita 0.07, na plastiki haiwezi kuwa nyembamba hivyo.

Ila jicho huona unene mahali pamoja tu: ukingo wa juu. Basi danganya hapo. Kabla ya kuunga mbavu, kwangua upande wa ndani kwa kisu chenye makali ya mviringo, ukianzia milimita 3 chini ya ukingo na kupanda kwa mteremko, mpaka ukingo wenyewe ubaki kama milimita 0.3. Nje usiguse. Malizia kwa msasa laini uliolowa. Ukishika ubavu mbele ya taa, mwanga uanze kupenya kidogo ukingoni. Hapo simama.

Ukiwa huko ndani, ziba vishimo vya mviringo vilivyoachwa na kalibu, na uchore mistari ya milango kwa ncha ya kisu. Seti nyingi huiacha ndani tupu, na behewa la wazi hutazamwa kutoka juu.

Hatua ya 5: Breki

Nafasi kati ya reli mbili halisi ni milimita 1435, ambayo kwa 1:76 ni karibu 18.9. Yetu ni 16.5. Ndiyo maana breki shuu, vile vipande vinavyokaba gurudumu, zinakaa nje ya magurudumu, hazikabi kitu. Zikate kwa msumeno mwembamba, ongeza kipande cha plastiki nyuma yake, zigundishe mbele ya gurudumu zikiacha nafasi ya nusu milimita. Mkono wa breki upunguze kwa tupa. Kile kibano kinachouongoza mkono huo natengeneza kwa pini ya stepla. Inakunjika vizuri na haivunjiki.

Bafa (vizuizi vya kugongana vya kwenye ncha) na viungio weka unavyopenda, mradi urefu ulingane na mabehewa yako mengine.

Hatua ya 6: Rangi

Chini ya British Rail, lililokuwa shirika la reli la Uingereza, behewa lisilo na breki za vakyumu (zinazoendeshwa kwa kufyonza hewa) lilipakwa kijivu. Lenye nazo, hudhurungi. Mstari mweupe wa mshazari ubavuni ulionyesha ni ncha ipi ya behewa yenye mlango, kwa hiyo usiuchore kwa kubahatisha.

Baada ya praima, yaani rangi ya msingi, paka rangi ya kutu kote. Ikikauka, pulizia dawa ya nywele, subiri ikauke, paka kijivu cha akriliki juu yake. Nusu saa baadaye lowesha brashi ngumu kwa maji na usugue pembeni na kwenye maungio: kijivu kitabanduka vipandevipande na kutu itachungulia. Ndani usiwe na huruma, makaa yalikuwa yakikwangua rangi yote.

Rangi ikigusa uso wa gurudumu unaokanyaga reli, ifute papo hapo kwa pamba yenye spiriti. Ikishakauka itabidi uikwangue, na utaacha mikwaruzo.