Redio ya kihisi chako inafika wapi? Pima mwenyewe, na upime maji yamejaa

Kila mtu ananiuliza hizi LoRa, redio za vihisi zinazotuma data mbali kwa umeme kidogo, zinafika kilomita ngapi. Mimi sijibu namba, manake redio ile ile ukiiweka darini kule Shela, Lamu, inavuka maji vizuri tu, ukiishusha kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani, Lamu mjini, kuta za mawe nene zile zinaimeza hata hujafika kona ya pili. Kwa hivo tunapima.

Unataka nodi mbili tu, yaani vifaa viwili vyenye redio hiyo. Moja ikae pale itakapokaa kweli, urefu ule ule, nyingine utembee nayo. Ya kutembea itume paketi moja kila sekunde 5 na kila paketi iwe na namba yake, 1, 2, 3, ile iliyokaa iandike kwenye memori kadi namba, RSSI (nguvu ya mawimbi yaliyofika) na SNR (mawimbi yamezidi kelele kiasi gani). Na antena ufunge kwanza kabla ya kuwasha, ukituma bila antena unaweza kuunguza moduli, usiseme sikukwambia.

Usiishike mkononi jamani. Mwili wako ni maji, ukiigeuzia mgongo nodi ya pili desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kadhaa zishapotea. Mimi naifunga kwenye ufito wa mkoko mita 2 hivi, antena imesimama wima na ile nyengine pia wima, moja ikilala umeharibu kipimo.

Sasa tembea. Kila mita 100 simama, weka alama ya GPS, tuma paketi 100 halafu usogee. Zikifika 87 basi hapo ni asilimia 87, ndo namba ya maana hiyo. RSSI inakusaidia kujua umebakisha nini: chipu ya LoRa kama SX1276 kwenye SF7 (SF ni mpangilio wa kasi, namba ikipanda data inakwenda polepole) inasikia mpaka karibu -123 dBm (ikizidi kushuka chini ya sifuri mawimbi ni dhaifu zaidi), kwa hivo ukisoma -120 umeshafika ukingoni hata kama paketi zinaingia. Ukipanda SF12 inasikia mbali zaidi, karibu -137, lakini paketi ndogo tu inakaa hewani zaidi ya sekunde nzima na betri inalia.

Utaona kitu cha ajabu, mita 600 asilimia 95, mita 700 asilimia 40, mita 800 imerudi 80. Hujakosea. Redio haina mpaka kama ukuta, kuna eneo la katikati ambapo hatua mbili tu zinabadilisha kila kitu, kwa hivo pale rudia mara tatu nne. Halafu badilisha, nodi iliyokuwa inapokea sasa itume, manake A kumsikia B si lazima B amsikie A.

Haya, la maji sasa, hapa ndo nilipoumia. Nilipima ng'ambo ya mkondo asubuhi maji yamekupwa, antena mita 2 na nusu, safi kabisa, nikafunga vitu vyangu nikaenda zangu. Jioni bamvua (maji makubwa) imejaa, data ikaanza kukatika. Sababu ni kwamba mawimbi ya redio hayapiti kwenye uzi mwembamba, yanataka nafasi yenye umbo la papai refu, nyembamba kwenye ncha na nene katikati. Kwa kilomita 1 na frikwensi ya 868 MHz lile papai pale katikati lina nusu upana wa mita 9, na unataka angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani mita 5 na nusu hivi juu ya maji. Mimi na mita zangu 2 na nusu nilikuwa nusu baharini, na maji yalipopanda hata ile iliyobaki ikaliwa. Basi angalia jedwali la maji kujaa na kupwa, pima siku za bamvua, yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, halafu chukua kipimo kibaya ndo kiwe chako.

Juu ya hicho kibaya bakisha desibeli 10. Na ukimaliza funga viungio vya antena kwa tepu ya mpira, chumvi ya huku haina mchezo, mimi nilifungua kimoja baada ya miezi miwili nikakikuta kijani.