Namna ya Kumwachisha Mbwa Udokozi wa Jikoni

Mbwa anayesimama kwa miguu ya nyuma, akalinyakua paja la kuku juu ya kaunta na kutoroka nalo uani, hana kiburi wala kinyongo na mwenye nyumba. Amefanya kazi na amelipwa. Wahenga waliposema kwamba mchovya asali hachovyi mara moja walikuwa wakimzungumzia binadamu, lakini maneno hayo yanamfaa mbwa zaidi, kwa sababu kipande kimoja cha nyama alichokipata Jumapili kwa bahati kinatosha kumfanya aikague kaunta hiyo kila siku kwa majuma kadhaa, hata asipopata kitu tena. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwa majaribio ya panya na njiwa kwamba tabia inayolipwa mara mojamoja bila mpangilio ni ngumu kufutika kuliko ile inayolipwa kila mara. Kaunta za majumbani mwetu hulipa kwa utaratibu huohuo: leo mfupa, kesho patupu, keshokutwa samaki mzima.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mwenye jiko, si ya mbwa. Katika muda wote wa mafunzo, kaunta isimlipe mbwa hata mara moja. Sufuria zenye chakula ziingizwe kabatini au ndani ya oveni iliyozimwa, nyama iyeyushwe barafu ndani ya friji badala ya kuachwa kwenye sinki, na kibao cha kukatia nyama kioshwe mara tu kinapomaliza kazi yake, kwani kwa pua ya mbwa ubao wenye harufu ya damu ni mwaliko. Ndoo ya taka iwe na mfuniko unaobana. Jiko lisilo na mlango liwekewe kizuizi cha mbao ambacho mbwa hawezi kukiruka. Mfuniko wa sufuria peke yake usihesabiwe kuwa kinga: mbwa wangu wa kienyeji, ambaye kimo chake hakizidi magoti, alijifunza kuusukuma kwa pua akiwa juu ya kigoda, nasi tukagundua ujuzi wake huo siku ambayo wageni walikuwa wamekwisha kunawa mikono.

Kabla ya kuanza mazoezi, ni vizuri kuhakikisha kwamba mbwa hadokoi kwa njaa ya kweli. Mbwa wengi hupewa makombo ya ugali usiku tu, kisha wakalaumiwa wanapojitafutia mchana. Mbwa mzima ale mara mbili kwa siku, kwa saa zinazojulikana, na apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Ikiwa mbwa aliyekuwa mtulivu ameanza ghafla kutafuta chakula kila mahali, aonwe na daktari kwanza, kwa kuwa kisukari na baadhi ya dawa, hasa zile za jamii ya kotizoni, huongeza hamu ya kula.

Fimbo haifai, na sababu si huruma peke yake. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichunguza ule uso wa aibu ambao wenye mbwa huuchukulia kuwa ni ungamo la kosa, akakuta kwamba mbwa huuonyesha anapokaripiwa, awe amekula chakula alichokatazwa au hakukigusa kabisa. Kumburuta mbwa hadi kwenye sinia tupu nusu saa baada ya tendo hakumfundishi lolote kuhusu sinia. Hata kumchapa papo hapo kuna kasoro yake: utafiti wa Juliane Kaminski na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba mbwa waliokatazwa chakula walikiiba zaidi pale kilipokuwa gizani kuliko kilipomulikwa. Mbwa anayechapwa, basi, hujifunza kwamba kaunta ni hatari mwenye fimbo akiwepo, naye husubiri aondoke.

Zoezi lenyewe huanzia mkononi. Andaa maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vyenye ukubwa wa punje ya mahindi. Funga kipande kimoja ndani ya ngumi, umpelekee mbwa puani, na umwache alambe na kukwaruza bila wewe kusema wala kuondoa mkono. Mara tu atakaporudisha kichwa nyuma, hata kwa nukta moja, mpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Kile cha ngumini asikipate kamwe. Akishaanza kujiondoa mwenyewe, tamka neno la katazo kabla ya kuleta ngumi. Uchaguzi wa neno unahitaji fikira, kwani katika nyumba yenye watoto “acha” husemwa kutwa nzima bila kumhusu mbwa. Sisi tulianza na “mwiko”, likatushinda siku ileile kwa kuwa anayesonga ugali huuitisha mwiko kila jioni, tukahamia “siyo”. Kutoka ngumini, chakula kihamie sakafuni karibu na mguu wako ili uweze kukifunika, kisha juu ya kigoda, na mwishowe ukingoni mwa kaunta, huku mbwa akiwa amefungwa kamba ili akikosea asifaulu.

Katazo pekee, hata hivyo, humwacha mbwa bila kazi, naye asiye na kazi hurudi kwenye kaunta. Mtandikie mkeka mahali anapoweza kukuona ukipika lakini hafikii meza, na kila anapoukanyaga mtupie kipande cha chakula juu ya mkeka huohuo. Akilala, mtupie viwili. Ongeza muda kidogokidogo: sekunde tatu, kumi, dakika moja, hadi vitunguu viive. Siku za mwanzo huenda akaruka na kubweka kuliko ilivyokuwa zamani, kwa sababu mbinu iliyokuwa ikimlipa imegoma naye anaijaribu kwa nguvu zaidi. Anayekata tamaa hapo na kumrushia kipande cha chapati kutoka mezani amemfundisha kubweka. Mbwa wangu alihitaji vipindi vya dakika tano, mara tatu kwa siku, kwa majuma sita.

Akishazoea mkeka, fundisha kutokuwepo kwako, ambako ndiko kwenye mtihani. Mfunge kamba ndefu isiyofika kwenye kaunta, weka kipande cha mkate juu, toka mlangoni na urudi kabla hajainuka, umzawadie. Kesho kaa nje nukta chache zaidi. Mkate usigeuzwe zawadi hata siku moja, kwa kuwa mbwa hapaswi kuamini kwamba chakula cha kaunta ni chake kikisubiriwa.

Akifanikiwa kunyakua kitu, usimkimbize wala usimtie vidole kinywani, maana atakimeza kwa haraka au atauma. Mpe badala yake kitu kitamu zaidi na uchukue alichokiachia. Kisha tazama ni nini, kwa sababu baadhi ya vyakula vya jikoni humdhuru. Gunzi la mahindi halisagiki tumboni na huweza kuziba utumbo hadi akahitaji upasuaji. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali. Donge la maandazi lenye hamira huendelea kuumuka tumboni na kutoa kileo. Zabibu, vitunguu, chokoleti na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli (kitia utamu kinachotumika badala ya sukari) ni sumu kwake, na hapo apelekwe kwa daktari bila kungoja dalili.

Wote wanaoingia jikoni, pamoja na dada wa kazi na babu anayependa kumwonjesha mchuzi, watumie neno lilelile na wasimlishe mbali na mkeka. Siku za Idi na Krismasi, masinia yakijaa kila upande na milango ikiachwa wazi, zisifanywe za majaribio: mbwa akae uani na kitu chake cha kutafuna, arudishwe ndani vyombo vikishaoshwa.