Rejista isomwe mlalo na wima: namna ya kushughulikia utoro darasani

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, mwenye wanafunzi sitini na kitu, rejista ya karatasi na simu yake mwenyewe.

Hatua ya 1: Ita majina mwenyewe

Usimwachie kiranja. Kiranja ana rafiki zake, na ana aliogombana nao jana. Jaza rejista asubuhi hiyohiyo. Inayojazwa Ijumaa kwa kukumbuka haina kazi. Aliyechelewa mwandike amefika, kwa sababu mtoto akijua saa mbili na nusu ni sawa na kutokuja, kesho akichelewa ataishia mtoni.

Hatua ya 2: Namba mbili za simu

Ya mzazi, na ya jirani au duka la karibu na kwao. Zihakiki kila muhula unapoanza, watu wanabadili laini.

Hatua ya 3: Soma rejista

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Mwisho wa mwezi tunapiga hesabu, tunapeleka asilimia ofisini, tunafunga daftari. Darasa la wanafunzi 62 kwa siku 20 za masomo linatakiwa kuwa na mahudhurio 1,240. Ukipata 1,054 ni asilimia 85, na kila mtu anaridhika. Lakini asilimia 85 haikuambii lolote. Inaweza kuwa kila mtoto amekosa siku tatu, au watoto tisa hawajaonekana mwezi mzima na wengine sita wamekosa siku mojamoja.

Kwa hiyo chukua rula. Kwanza iweke wima, ushuke na siku moja kutoka jina la kwanza hadi la mwisho. Siku yenye mapengo mengi kuliko nyingine ina jina lake: siku ya mnada au gulio, siku ya maji kutoka kijijini, siku iliyonyesha na korongo likajaa. Pengo la wima si kosa la mtoto mmoja, na kumpigia simu mzazi mmojammoja ni kupoteza vocha. Lipeleke kwenye kamati ya shule. Kama ni mnada, mwenyekiti wa kijiji anaweza kukubaliana na wafanyabiashara kwamba mtoto mwenye umri wa shule haonekani akiuza au kuswaga mbuzi kabla ya saa nane mchana. Kama siku hiyo ndiyo shule haipiki uji, sababu umeshaipata bila kumuuliza mtu.

Halafu ilaze rula, ufuate jina moja. Anayekosa siku tano mfululizo utamwona hata bila rula. Anayekuponyoka ni yule wa siku moja kila wiki. Mwaka wa masomo una siku 194. Siku moja kwa wiki ni karibu siku 39, yaani kama miezi miwili ya masomo, na bado mtoto huyo ana asilimia 80 na hakuna aliyemwita mtoro. Akikosa Jumatatu kila wiki, uliza Jumapili analala kwa nani. Msichana wa darasa la sita au la saba anayekosa siku tatu au nne kila baada ya wiki nne hahitaji barua kwa mzazi. Mkabidhi kwa mwalimu wa kike wa malezi, na uangalie kama choo kina mlango unaofungwa, maji, na taulo za kike za akiba. Ndugu wawili wa madarasa tofauti wanaokosa kwa zamu, leo mmoja kesho mwingine, nyumbani kuna mgonjwa au mtoto mchanga asiye na mlezi, ama sare ni moja. Hili hulioni kwenye rejista yako peke yake, lazima uziweke mbili mezani.

Tahadhari: tarehe za michango. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Ukikuta mapengo yameanza siku moja baada ya tangazo la hela ya mlinzi, utoro huo umeutengeneza mwenyewe.

Sababu ziandike kwenye kaunta buku ya pembeni, kwa maneno. "U" ya utoro haimsaidii mwalimu atakayepokea darasa Januari. "Anachunga, baba yuko machimboni" inamsaidia.

Hatua ya 4: Piga simu siku ya pili

Siku ya kwanza muulize anayekaa naye dawati moja. Siku ya pili piga, jioni watu wakishatoka shamba. Ujumbe mfupi siupendi: mara nyingi anayeusoma ni mtoto mwenyewe. Anza na hali: "Shikamoo mama, mimi mwalimu wa darasa la tano. Kijana wetu hatujamwona tangu jana, tukasema tujulie hali." Ukianza na "kwa nini mtoto haji", utajibiwa "anaumwa", na jioni hiyo mtoto atachapwa.

Simu isipopatikana, nenda siku ya tatu ukiwa na mwenyekiti wa kitongoji.

Hatua ya 5: Ofisi

Wiki ikipita, mwalimu mkuu aandike barua kwa mzazi, nakala kwa mtendaji wa kijiji, halafu afisa elimu kata. Sheria ya Elimu ya 1978 inambana mzazi, ila itumie mwisho. Mgambo akifika siku ya pili, mtoto anahamishiwa kwa shangazi wilaya nyingine na hutamwona tena.

Kama kweli amehama, usikate jina kwa kuambiwa tu. Pata jina la shule aliyoko, mzazi aombe uhamisho, na namba yake ya PReM, yaani ya mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, imfuate. Bila hivyo kwako ni mtoro, na kule hana usajili wa mtihani wa darasa la saba.

Hatua ya 6: Siku anayorudi

Fimbo hapana, kutajwa mstarini hapana. Aliyekosa siku mbili akiona wenzake wanachapwa getini, zinakuwa kumi. Mpe daftari la mwenzake mwenye mwandiko mzuri anakili hisabati kwanza, masomo mengine yatasubiri. Kisha weka nukta ya penseli mbele ya jina lake na uitazame kwa siku kumi za masomo. Akikosa hata moja, usisubiri siku ya pili. Piga jioni hiyohiyo.