Kabla ya leza ya madoa: losheni ya jua kwanza

Mtu akishapanga siku ya leza ya kuondoa madoa usoni, mawazo yake yote huwa kwenye mashine. Losheni ya jua huja kununuliwa mwishoni, yoyote itakayopatikana. Hapo ndipo kazi huharibika. Leza huiachia ngozi joto na uvimbe kidogo, na ngozi yenye melanini (rangi asilia ya ngozi) nyingi ikichokozwa namna hiyo hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi. Wiki chache baadaye doa linaweza kuwa jeusi kuliko lilivyokuwa.

Kwa hiyo nunua losheni wiki kadhaa kabla na uipake kila siku. Kama itakuwasha au kukutoa chunusi, heri ujue sasa kuliko siku ambayo uso mzima unakuunguza.

Namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya losheni dhidi ya jua, inawababaisha watu mno. SPF 30 huzuia takriban 97% ya mionzi ya jua ya UVB, ile inayobabua ngozi, SPF 50 takriban 98%. Tena namba hiyo hupima zaidi kinga ya UVB. UVA, mionzi mingine ya jua inayopenya hata kioo cha dirisha, ni habari nyingine, hivyo hakikisha losheni imeandikwa kuwa inakinga yote miwili. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawakuambii: kwa ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, hasa ule wa buluu, hutia weusi. Losheni zisizo na rangi kwa kawaida haziuzuii vya kutosha. Kinachosaidia ni oksidi ya chuma, ile inayoipa losheni rangi ya kahawia kama ya faundesheni. Geuza chupa usome viambato. Kwa maoni yangu, SPF 30 yenye rangi ni bora kuliko 50 isiyo nayo.

Kipimo ni mistari miwili ya losheni, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kutoka shina hadi ncha. Hiyo ni ya uso na shingo. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili, au mapema ukitoka jasho, na kofia pana usiiache.

Daktari mweleze kila unachopaka, mkorogo ukiwemo, kuficha hakukusaidii. Mwambie pia kama huwa unaota makovu ya keloidi, yale yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Kama umebabuka na jua karibuni, ahirisha. Omba ajaribu sehemu ndogo kwanza, na uulize aina ya leza: ile iitwayo Nd:YAG ya nanomita 1064 (urefu wa wimbi la mwanga wake) kwa kawaida ni salama zaidi kwa ngozi nyeusi, kwa kuwa melanini huinyonya kidogo.

Baada ya leza, palipochubuka au panapotoa maji usipake losheni. Tumia ulichopewa na ukae kivulini mpaka pafunge. Vigaga viache vidondoke vyenyewe. Na ukiona weusi unarudi, mwone daktari kabla ya kukubali kupigwa leza nyingine.