Maumivu ya tumbo yasiyoisha: mambo ya kuzingatia kabla ya kurudi kwa daktari

Umemeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa miezi, ultrasaundi haikuonyesha kitu, choo na mkojo havina neno, na bado pale pale upande mmoja panachoma. Kabla hujalipia kipimo kingine, jiulize kama maumivu yenyewe yako ndani ya tumbo kweli. Ukuta wa tumbo, yaani ngozi na misuli, una neva zake zinazotoka kwenye uti wa mgongo. Zikifika ukingo wa nje wa msuli mrefu wa katikati hupinda ghafla kuja mbele, na hapo ndipo hubanwa.

Anza na kidole. Ukiweza kuonyesha mahali panapouma kwa ncha ya kidole kimoja, mwambie daktari hivyo mapema, maana wengi husema tu "tumbo linauma" na safari ya vidonda vya tumbo inaanza upya. Angalia pia kinachoyaamsha: kukohoa, kuinuka kitandani, kulalia upande huo, mkanda au kanga iliyokazwa. Maumivu ya ukuta kwa kawaida hayafuati chakula wala kwenda haja.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Mwaka 1926 Carnett, daktari wa upasuaji wa Philadelphia, alieleza namna hii: mgonjwa analala chali, daktari anabonyeza mahali panapouma, kisha mgonjwa anainua kichwa na mabega bila kujishikilia. Misuli ikikaza na maumivu yakabaki au kuzidi, shaka inaelekea ukutani. Yakipungua, inaelekea ndani. Muombe daktari akupime hivyo. Ni haki yako kuomba, na inachukua dakika moja.

Kumbuka makovu yako yote, hata ya zamani. Kovu la upasuaji wa uzazi linalouma kila hedhi inapokaribia lina maelezo yake tofauti, kwani tishu ya mji wa mimba inaweza kuota hapo. Upele wa mkanda wa jeshi nao utajwe, hata kama umekwisha kupona.

Lakini ukipungua uzito bila sababu, ukiona choo cheusi au damu, macho yakawa ya manjano, una homa, unatapika mfululizo, au una uvimbe wa ngiri uliogoma kurudi ndani, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Neva ikiwa imebanwa ukutani, tiba inayotumika sana ni sindano ya ganzi, lidokaini, mahali penyewe panapouma, mara nyingine pamoja na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Maumivu yakitulia ndani ya dakika chache, hilo ni jibu la uchunguzi pia. Kwa hiyo uliza mapema kama uache dawa ya maumivu asubuhi hiyo, ili yawepo ya kupimwa. Sema kama una mzio wa ganzi, una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kisukari ajue kwamba steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Na sindano hii isichomwe duka la dawa, tafadhali: ikizama mno inapita ukuta.

Nafuu inaweza kudumu saa chache tu. Usikate tamaa, kwani hurudiwa, na wachache wasiopona hukatwa neva hiyo kwa upasuaji. Omba iandikwe kwenye kadi yako: mahali palipochomwa, dawa iliyotumika, na nafuu ilidumu muda gani.