Vihisi vya Unyevu Shambani: Vipime Mara Nyingi, Vitume Mara Chache

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa wakulima waliofunga vihisi visivyotumia waya ni haya: betri zimekwisha kabla ya mavuno. Wengi hukimbilia kununua betri nyingine. Chunguza kwanza jinsi data inavyotumwa.

Mlaji mkubwa wa umeme ni redio. Kihisi kilicholala hutumia maikroampea chache tu, lakini redio ikiwaka kutuma hufikia makumi ya miliampea, maelfu ya mara zaidi. Na kwenye redio nyingi ndogo, hata kukaa ikisikiliza tu hula umeme unaokaribia ule wa kutuma. Basi muda isipohitajika, izimwe.

Unyevu wa udongo kwenye kina cha sentimita 30 haubadiliki kila dakika. Kupima kila baada ya dakika 15 kunatosha kabisa, yaani vipimo 96 kwa siku. Ila usitume kimoja kimoja. Kila pakiti, yaani fungu la data linalotumwa kwa mara moja, hubeba anwani, namba ya kihisi na alama za kukagua makosa, na vitu hivyo mara nyingi huzidi uzito wa kipimo chenyewe, ambacho ni baiti mbili. Fungasha vipimo 12 pamoja, kila kimoja kijulikane saa yake, utume kila baada ya saa 3: safari 96 zinakuwa 8. Unyevu ukishuka chini ya kiwango cha kumwagilia, hapo kihisi kitume papo hapo bila kungoja zamu.

Vihisi vikipokezana data, vilivyo karibu na kituo cha kupokelea hubeba mizigo ya wenzao, kwa hiyo ndivyo vinavyokufa kwanza. Kituo kikae katikati ya shamba kama inawezekana. La sivyo, vihisi hivyo vipewe paneli ya jua. Njia nyingine ni ya makundi, kama ilivyo katika LEACH, itifaki (kanuni za mawasiliano ya vihisi) ya mwaka 2000: kihisi kimoja kikiwa kiongozi hukusanya data ya kundi, huifupisha na kuituma, na uongozi huzunguka ili mzigo usimwelemee mmoja. Hapa nakusihi, usichanganye udongo wa kichanga na wa mfinyanzi kwenye kundi moja. Wastani utakuonyesha shamba lenye unyevu mzuri huku upande wa kichanga mimea inanyauka.

Halafu kuna mimea yenyewe. Siku ya kupanda, vihisi vyote husikika vizuri. Mahindi yakifunga shamba, maji yaliyomo kwenye majani hunyonya mawimbi, hasa ya gigahezi 2.4, na kihisi kinarudia pakiti ileile mara tatu, mara nne, betri ikiteketea. Funga antena kwenye nguzo inayozidi urefu wa mmea uliokomaa, tangu siku ya kwanza. Kila pakiti ipewe namba ya mfuatano. Ukiona baada ya 41 imefika 44, yaani mbili zimepotea, nenda kaangalie antena wiki hiyohiyo.