SOMO: Kuingia vita vya miji kwenye Albion Online kwa simu bila kufilisika wiki ya kwanza

Wakuu habari zenu. Kila nikisema nacheza Albion naulizwa swali lilelile, vitani naingiaje, na jibu langu ni lilelile, usiingie kwanza. Watu wanadaunlodi leo, kesho wamevaa kila walichonacho wameingia zoni nyekundu, ile ambayo ukifa unapoteza vyote, keshokutwa wamefuta gemu wanasema ni la matapeli. Sio la matapeli kaka, umeenda Kariakoo na mtaji wote mfukoni ukakatiza kichochoroni usiku, ulitegemea nini?

Kwa asiyelijua, ni dunia ya mapanga na uchawi ambayo watu wote mko humo kwa pamoja, wametengeneza Sandbox Interactive wa Berlin, lilitoka kwenye kompyuta 2017 na kwenye simu Juni 2021. Akaunti ni ileile moja, unaanzia kwenye laptopu unamalizia kwenye daladala. Kucheza ni bure. Panga, viatu, farasi, karibu kila kitu unachokiona kwa mchezaji kimetengenezwa na mchezaji mwenzake, kwahiyo mtu akifa vitani kuna fundi mahali anachekelea maana kesho atauza panga jingine. Ukishalielewa hilo umeelewa nusu ya somo.

Hatua ya 1, seva. Zipo tatu, Amerika, Asia na Ulaya, na mhusika wako hahami, ukianza Amerika ukataka Ulaya unaanza upya kabisa. Sisi wa huku chagua Ulaya, ilifunguliwa 2024, kabla ya hapo tulikuwa tunabanana ya Amerika, unabonyeza kupiga unameza mate ndio panga linashuka.

Hatua ya 2, silaha. Humu huchagui kuzaliwa mchawi au shujaa, wewe ni kile ulichovaa. Ukishika upinde wewe mpiga mishale, ukiweka chini ukashika fimbo ya moto wewe mchawi. Silaha inakupa vitufe vitatu, nitavitaja kwa herufi za kibodi ya kompyuta, Q na W unachagua mwenyewe ndani ya menyu, E ni ya silaha ile tu na ndio roho yake. Nguo ya kifuani inakupa R, kofia D, viatu F. Ushauri wangu, chagua silaha moja ukae nayo, maana ngazi zinapanda kwa matumizi, anayebadilisha kila siku anabaki mwanafunzi kila darasa. Kifuani anza na ile jaketi ya ngozi inaitwa Mercenary Jacket, ukiiwasha kila pigo unalopiga linakurudishia damu, mtu wa simu anaihitaji sana kwasababu kidole gumba kinaziba nusu ya skrini na kukwepa kwetu ni kwa shida.

Hatua ya 3, mji, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapokosea halafu wanajuta mwezi mzima. Miji ya kifalme ni mitano, Lymhurst, Fort Sterling, Thetford, Martlock na Bridgewatch, imekaa kama duara, katikati kuna Caerleon ambayo imezungukwa na zoni nyekundu pande zote. Stoo yako ya Lymhurst ukiwa Martlock huioni, na soko la kila mji ni lake na bei zake. Sasa angalia walivyotuchezea akili, Lymhurst ipo msituni, miti mpaka basi, ila anayetaka kuchakata magogo kuwa mbao kwa faida anayepewa nafuu ni Fort Sterling huko kwenye theluji. Lymhurst yenyewe nafuu yake ni nyuzi kuwa kitambaa. Ngozi ni Martlock, mawe Bridgewatch, madini Thetford. Hakuna mji unaojitosheleza, lazima mtu abebe mzigo kutoka huku kwenda kule, na anapobeba mzigo ndipo mwingine anamvizia. Vita vyote vinaanzia hapo.

Mimi mwenyewe wiki ya pili nilipakia magogo kwenye ng'ombe, ng'ombe wa humu anabeba balaa ila mwendo wake kama foleni ya Mbagala, nikaona kwenye ramani kuna njia ya mkato kwenda Fort Sterling inapita zoni moja nyekundu, moja tu nikasema itanifanya nini. Walikuwa watatu, wamejificha nyuma ya jabali karibu na geti la kutokea. Nilikuwa naona geti kabisa.

Hatua ya 4, rangi. Zoni ya bluu hakuna mchezaji wa kukuvizia akutoe roho. Njano unaweza kupigwa, ila unaangushwa tu, unainuka na vifaa vyako. Nyekundu ukifa ulichovaa na ulichobeba vyote vimelala chini, vingine vinaharibika hapohapo na vilivyobaki anabeba aliyekuua. Nyeusi ni vilevile ila huko hakuna hata serikali. Ukiwa nyekundu kuna namba kwenye skrini inaonyesha maadui wangapi wapo zoni hiyo, ikiruka ghafla kutoka 0 kwenda 6 usijiulize mara mbili, geuza farasi. Halafu ukivuka geti la zoni unapewa ngao kwa sekunde chache, hakuna anayeweza kukugusa kwa muda huo, itumie kuangalia kwanza na sio kukimbilia mbele kama umefukuzwa na nyuki.

Hatua ya 5, stoku. Kanuni yangu, huingii vitani na seti moja. Kama seti yako nzima inagharimu silva (pesa ya humo) 50,000 basi uwe na vifaa vya 250,000, yaani seti tano, moja umeivaa, nne zinakusubiri stoo mjini. Vaa T4, yaani vifaa vya daraja la 4, usivutwe na T6 eti inang'aa. Mwenye seti tano za bei rahisi anapigana kwa raha, anakufa anarudi anavaa nyingine anarudi tena, mwenye seti moja ya bei mbaya anatetemeka na mtu anayetetemeka anabonyeza vitufe vibaya.

Hatua ya 6 ndio vita vyenyewe. Ukiwa ndani ya mji unajiandikisha upande wa mji ule kisha unapandisha bendera, ni mjini tu unapoweza kuipandisha, ukishatoka umetoka nayo. Wa mji wako hamwezi kupigana, wa miji mingine wenye bendera ni halali yako na wewe ni halali yao. Mnateka vituo, mnateka maeneo, mnapata pointi za mji, pointi unanunulia vitu ukiwemo mnyama wa mji wako, Lymhurst nguruwe mwitu, Fort Sterling dubu, Martlock kondoo dume wa mlimani, Thetford salamanda, Bridgewatch ndege mkubwa wa miguu mirefu, Caerleon mbwa mwitu. Anza njano hukohuko, zunguka na kundi kubwa, usiwe wa mbele na usiwe wa mwisho. Fuata farasi wa aliye mbele yako, akishuka shuka, akikimbia kimbia, maswali mtaulizana mjini.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanza: Mkuu bando linakula kiasi gani, na simu yangu ni ya kawaida tu?
Jibu: Kucheza kwenyewe hakuli sana, kinachomaliza ni kudaunlodi mara ya kwanza na apdeti kubwa, hizo ni gigabaiti, subiri waifai ya mtu. Simu ya kawaida shusha picha ziwe za chini kabisa. Ila vita vya watu mia simu itachemka mpaka ukaange yai, mimi natoa kava.

Mdau wa Mombasa: Ndugu yangu mimi vita sivitaki, mie ni mtu wa biashara, naweza kula maisha humo bila kumpiga mtu?
Jibu: Tena watu kama nyie ndio matajiri. Kaa bluu, nunua mji huu uza mji ule. Na uijue Black Market ya Caerleon, ile inanunua tu haiuzi, vifaa ukiwauzia wale vinaenda kuwekwa kwa mazimwi yanayoendeshwa na gemu lenyewe, anayeua zimwi ndio anaviokota. Bei zake mara nyingi nzuri, shida ni kufika, nimeshasema imezungukwa na nini. Na premium, ule uanachama wa kulipia, ni muhimu kwako kwasababu bila hiyo kodi ya soko inakuuma, unaweza kuilipia kwa goldi, pesa ya pili ya humo, uliyobadilisha kwa silva za humohumo, sio lazima pesa ya mfukoni.

Mdau wa Arusha: Kaka mimi kupiga siwezi nachanganyikiwa, nikicheza mponyaji watanichukua?
Jibu: Dada watakugombania. Shika fimbo ya holi, ndio ya kuponya, kaa nyuma, angalia mistari ya damu ya wenzako tu hata adui usimwangalie. Kitu kimoja, adui mwenye akili anakutafuta wewe wa kwanza, kwahiyo viatu vyako viwe vya kukimbia.

Mdau wa Kigoma: Kuna mshkaji anauza silva kwa pesa ya simu, bei poa sana, ninunue?
Jibu: Usithubutu mdogo wangu. Kuuziana silva kwa pesa halisi nje ya gemu ni kosa, akaunti inafungiwa, na huyo mshkaji hutamwona tena. Chonga magogo.

Mdau wa Mwanza tena: Nimeangushwa njano ila bado nina vitu vyote, kuna hitilafu?
Jibu: Soma hatua ya 4 mkuu.

Mdau wa Nairobi: Wewe hebu tuambie, yale magogo ya ng'ombe yaliishia wapi?
Jibu: Nilirudi mjini kwa miguu, nikavaa seti ya pili, nikaenda Fort Sterling kwa njia ndefu ya bluu mikono mitupu ili angalau ninunue magogo ya kuchakata. Sokoni nikakuta kuna mtu kaweka mzigo sasa hivi, gogo aina ileile, idadi inakaribia kabisa ile yangu ukitoa yaliyoharibika, bei ya kutupa. Nikanunua yote.